Meza Iliyomzuia Mama Mlangoni

Andika, Ilunga, wala usiharakishe. Baba yangu aliitwa Ngoy, alizaliwa Luena, akafanya kazi ya reli hadi mgongo wake ukapinda. Mama yangu aliitwa Numbi, mzaliwa wa Sanga, kando ya ziwa Kisale. Mimi nilizaliwa hapa Kamina, na darasani sikuingia hata siku moja. Ndiyo maana kalamu iko mkononi mwako.

Mwanangu, umenionyesha katika simu yako picha ya meza ya kisasa ya kulia chakula, ukasema utaijenga mwenyewe kwa mbao za bei ndogo. Sikukatazi. Ila kabla hujagusa msumeno, sikiliza habari ya meza yangu.

Nilikuwa kijana, baba amekwisha kufariki, nikiishi na mama katika nyumba yake ya matofali. Nilitamani meza kama zile nilizoziona katika nyumba za maofisa kule Base, kambi ya jeshi. Fedha sikuwa nazo. Nilikusanya mbao za makasha yaliyotupwa, nikavunja kitanda kibovu, nikapata na ubao mmoja mpana wa mti wa mulombwa uliopasuliwa vibaya, nikaupiga randa hadi wekundu wake ukang'aa. Kwa kuwa ulikuwa wakati wa mvua, niliijenga meza hiyo sebuleni, nikaitia gundi na misumari mingi ili isitikisike kamwe. Watu wanane waliweza kuizunguka. Mama hakusema neno. Alipotoka chumbani kwake alipita ubavu-ubavu, mgongo ukigusa ukuta, nami nilidhani anaitazama meza yangu kwa heshima.

Siku nisiyoweza kuisahau ni ile tuliyomrudisha kutoka hospitali akiwa amefariki. Wajua desturi yetu: maiti hulazwa sebuleni, wanawake huketi mikekani kumzunguka, na vyombo vyote hutolewa nje. Viti vilitoka, kabati likatoka. Meza ilifika mlangoni ikakataa. Tuliilaza, miguu ikanasa. Tuliigeuza, ubao ukanasa. Mama alikuwa uani juu ya machela, na manyunyu yalikuwa yameanza.

Mke wa kaka yangu alipiga makofi, kwa ule utani wa kilio. “Eh, shemeji! Kumbe meza njo mwenye nyumba, mama iko mugeni! Tupige hodi kwa meza!”

Watu walicheka. Mjomba, mdogo wake mama, hakucheka. Alinipa msumeno.

“Tutoe fremu ya mlango, mjomba,” nilimsihi. “Nitairudisha kesho.”

“Nyumba iko ya dada yangu. Meza njo yako. Kata yako.”

“Mjomba, niliifanyia kazi miezi mitatu.”

“Na yeye alipita ubavu-ubavu ndani ya nyumba yake. Weye haukuona? Kata.”

Nilikata. Msumeno ulikuwa butu, na kila ulipogonga msumari ulipiga kelele. Wanawake walisubiri uani, mikeka yao mikononi. Nusu mbili zikatoka, unga wa mbao ukafagiliwa, mama akaingia nyumbani kwake. Nguo iliyomfunika ilikuwa imelowa. Nimezeeka, na bado naiona ile nguo.

Basi shika haya. Pima mlango kwanza, ndipo upime mbao. Mbao za bei ndogo hazina aibu yoyote. Aibu ni kujenga kitu kikubwa kuliko nafasi ya wale unaoishi nao. Miguu usiipigilie misumari, ifunge kwa buloni, zile bolti za kukazwa kwa nati, ili ifunguke. Na meza ikishasimama, keti kando utazame jinsi watu wa nyumbani mwako wanavyopita. Mmoja wao akigeuka ubavu, punguza ubao siku hiyo hiyo. Usingoje akuambie, kwa sababu wanaokupenda hawatakuambia.

Mungu aipe meza yako chakula na watu wa kukila, na kila aketiye hapo ainuke kwa amani.

Karatasi hii usiihangaikie, hata ikipotea. Utunze ufunguo wa buloni. Uweke ndani ya kopo, juu ya mlango, uwaonyeshe majirani mahali ulipo. Siku ya kilio mwenye nyumba haoni vizuri. Atakayeufungua mguu wa meza ni mtu mwingine.