Shamba Lililofyekwa

Yule dalali wa mashamba pale Voi hamwonyeshi mtu shamba lenye magugu. Hutangulia mwenyewe na panga, hufyeka mpaka kila jiwe la mpaka lionekane, kisha hulipangusa kwa kiganja kama anayempangusa mtoto uso. Ndivyo alivyolifyeka shamba la Mama Mkamburi kule Ronge, hadi pembeni alikoibua kaburi dogo lililomezwa na vichaka. Akalipangusa nalo. Siku ya kutia sahihi, walipolizunguka shamba mara ya mwisho, mama aliliona lile kaburi, akaketi chini. “Siuzi tena, mwanangu. Huyu ni kifungua mimba wangu. Nilikuwa nimeshazoea kutomwona.”

Kitonga, mnunuzi, aliteremka akimfokea dalali: “Wewe dai kamisheni yako. Si mnunuzi ulimleta? Aliyekataa ni huyo mama.” Ilikuwa haki ya dalali, na karo ya wanawe ilikuwa ikiingoja. Kesho yake akapanda tena Ronge, njia nzima akiyapanga maneno ya kuidai kwa ile sauti yake ya kunadi. Alimkuta mama amepiga magoti kaburini, aking'oa majani kwa vidole. “Pole, mama,” akasema tu, akachutama upande wa pili, akaanza kung'oa.