Karani Aliyeisimamia Bendera

Juzi, kwenye dirisha la hospitali moja hapa Likasi, mama alimpakata mtoto anayewaka homa mbele ya karani, akamwita mwananchi kwa Kifaransa, kama serikali inavyotaka.

"Citoyen, mutoto iko moto sana. Munipeleke kwa munganga."

Karani alinyoosha kola ya abakosti yake, lile koti rasmi lisilovaliwa na tai. Mama akarudia. Karani akapiga miayo.

Mara filimbi ya kupandisha bendera ikalia uani, wimbo wa taifa ukaanza. Karani akaruka, akakakamaa, mkono kifuani.

"Weye mama! Hauone bendera? Simama!"

"Kumbe uko na macho, papa! Basi angalia na mutoto."

Wimbo ulipokwisha, karani akaketi, akarudia kola yake.

Chuoni nilifundishwa maneno haya: kupuuza, kudharau, kumpa mtu kisogo, nikadhani yote ni upofu. Sivyo. Anayepuuza ameona vizuri, kisha akachagua. Bendera haikuwa na homa, lakini ndiyo iliyosimamiwa.