Maziwa ya Chura na ya Mpapai

Miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili, mbwa wetu alimng'ata chura nyuma ya mtungi wa maji, akarudi uani akitokwa povu, miguu ikimtetemeka. Mama alimshika taya, akamwosha kinywa kwa maji mengi hadi akatulia. Nilipokwenda kumtazama yule chura, mabega yake yalikuwa yametoka maziwa mazito, meupe.

Kesho yake nilitumwa kuangua papai bichi la kupika. Utomvu ulinidondokea mkononi, ngozi ikaniwasha mpaka jioni. Nao ulikuwa mweupe vilevile.

Wiki hiyo, shuleni kwetu karibu na Nyakahanga, mwalimu alituagiza kila mmoja alinganishe viumbe hai viwili. Wenzangu walitaja ng'ombe na mbuzi, migomba na mibuni. Mimi nikasema chura na mpapai. Darasa zima lilicheka. Tulikuwa wasichana watatu tu, na hata wale wengine wawili walicheka. Mwalimu akaniambia nichague vitu vya jamii moja au nikae. Sikukaa.

"Naomba siku tatu, Mwalimu," nikasema.

Alinipa, nadhani kwa kuchoka kubishana. Kila nilipopata nafasi nilikwaruza mapapai kwa mwiba: mabichi yalitoa maziwa tele, yaliyoiva karibu hayakutoa kitu. Chura nilimgusa kwa kijiti. Akiguswa taratibu alijivimbisha tu. Nilipombana ndipo maziwa yakatoka. Mama alinikuta nimechuchumaa, akauliza kama nimerogwa. Nilimwambia nasoma.

Siku ya tatu nilisimama mbele. Nikaeleza kuwa wote wawili hujilinda kwa maziwa, ila mpapai huacha kulilinda tunda mbegu zikikomaa, maana hapo unataka liliwe, mbegu zisambae.

"Chura hana siku anayotaka kuliwa," nikamaliza.

Mwalimu alitoka na kisu hadi kwenye mpapai wa shule, akachanja papai bichi, akachanja lililoiva, akarudi na kuandika maneno yangu yote ubaoni.

Mwisho wa mwaka Baba alitaka niache shule nisaidie kwenye kibanja, shamba letu la migomba na kahawa. Mwalimu alikuja nyumbani, wakazungumza wawili mchana kutwa. Alipoondoka, Baba aliniita.

"Utasoma," akasema. "Lakini maji utachota kabla jua halijatoka."

Nilichota kabla ya jua kwa miaka minne.