Ruhusa Niliyoifuata Kilwa

Niliondoka Lubumbashi kwa sababu ya vitanda vitatu vitupu. Mimi na wenzangu wawili tulikuwa tumefungua nyumba mtaani Makomeno, ambamo mtu aliyeumia ubongo angekaa siku saba, ili mkewe au mama yake apate kulala. Mama yangu mzazi alimuuguza mdogo wangu aliyeanguka kutoka juu ya paa. Miaka sita hakupumzika, akatangulia kufa yeye. Sikutaka kuyaona hayo tena. Lakini miezi miwili ilipita bila mtu kubisha hodi. Kwetu huku, msiba ukitokea mtaa mzima unakuja kulala kwako, ila kumkabidhi mtu baki mgonjwa wako aliye hai kunaitwa kumtupa.

Mmoja tu alisitasita badala ya kukataa. Ni Clarisse, mke wa Donatien, fundi wa kuchomelea vyuma aliyegongwa na gari akiwa kwenye pikipiki miaka mitatu nyuma. Donatien anatembea na kula vizuri. Hajui siku wala saa, na akishtuka anapiga.

"Mama Béa, miye nachoka," Clarisse aliniambia. "Lakini famille yake beko Kilwa. Nikimupeleka kwenu bila bao kujua, batasema nilimutupa. Batanikamatia batoto, babapeleke kwao."

"Basi nitakwenda mwenyewe kuwaomba ruhusa."

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nikiona mlango umefungwa, natafuta ufunguo kabla sijauliza kwa nini ulifungwa. Clarisse alikunja shati la mumewe.

"Bon. Ukifika, ubaambie tu Donatien iko bien, iko muzuri. Ni vile tu."

Nikadhani ni salamu.

Jumatatu asubuhi nilipanda lori lililokuwa linafuata samaki Kilwa, mji wetu wa kando ya ziwa, si ule wa pwani. Dereva alinipa nafasi ya mbele kwa heshima ya mvi zangu. Mpaka Kasomeno barabara ilituvumilia, tukalala hapo. Jumanne mvua ilinyesha kutwa. Tulikwama mara nne, na kila mara tulishuka sote kukata matawi ya kutia chini ya magurudumu. Nilijikaza, nikiwaza kitanda cha kwanza kitakachopata mtu.

Jumatano mchana nilifika Kilwa, matope magotini. Gaston, kaka mkubwa wa Donatien, alinipokea yeye na mkewe Philomène kwa bukari, ugali wa kwetu, ya moto na samaki. Ni watu wakarimu, nisiwasingizie. Nilipokwisha kunawa nikaeleza nilichofuata.

"Kupumuzika?" Gaston akashangaa. "Kwa kazi gani, Mama? Clarisse anatupigiaka kila mwezi. Anasema ndugu yetu iko anapona, hata karibu atarudia ku kazi."

"Amechoka sana, Papa."

"Anachoka na muntu mwenye kupona?" Philomène akacheka. "Babibi ba Lubumbashi!"

Hasira ikanipanda. Kwenye simu yangu nilikuwa na video ambayo Clarisse aliniruhusu kuichukua, tuwaonyeshe wale tuliotaka watusaidie magodoro. Nikaiweka mezani. Donatien anapiga teke sahani, ugali unaruka ukutani. Clarisse anainama kumfuta mdomo. Donatien anamzaba kofi. Clarisse anaendelea kumfuta, kama hakupigwa.

Philomène aliacha kucheka, akaanza kulia. Gaston alitaka kuiona tena, halafu mara ya tatu. Akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Tutarudia na weye, Mama. Huyu bibi hawezi kubeba hii kintu peke yake."

Niliona nimeshinda. Niseme kweli, nilijipigia makofi moyoni.

Safari ya kurudi ilianza Alhamisi. Gaston alikaa pembeni yangu, Philomène nyuma juu ya mizigo. Tulipopita Kasomeno akauliza watoto wa ndugu yake wana miaka mingapi sasa. Tisa na sita, nikamwambia. Je, parcelle ya Makomeno, kiwanja chenye nyumba yao, karatasi zake zimeandikwa jina la nani? La Donatien, nikasema, Clarisse alinionyesha. Je, ndugu yake bado anaweza kutia sahihi? Hapana, Papa, hata kalamu haijui. Nilimjibu yote, kama mwanafunzi hodari anayetaka kusifiwa mbele ya darasa.

Jumamosi alasiri tukafika. Clarisse alifungua geti akitabasamu. Alipowaona Gaston na Philomène nyuma yangu, tabasamu likamkauka, akashika geti kwa mikono miwili.

"Ulibaonyesha?" akaniuliza.

"Clarisse, wamekuja kusaidia."

"Miaka tatu nabaambia iko anapona. Ulifikiri napendaka kubadanganya?"

Ndipo nilipoelewa. Hakuwa anawadanganya kwa kuwaonea haya. Maadamu Donatien alihesabiwa kuwa anapona, alikuwa bado baba mwenye nyumba, na nyumba ilikuwa ya mkewe na watoto wake. Mimi nilimwaga mtama penye kuku wengi, tena nikajiita msaidizi.

Jumapili Gaston aliitisha kikao cha ukoo pale nyumbani. Hakuna aliyepaza sauti wala kumtukana Clarisse, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Gaston alimshukuru kwa kazi yake. Akasema Donatien atakwenda Kilwa kwa ndugu zake, na watoto watamfuata kwa kuwa ni watoto wa ukoo. Nyumba itapangishwa imlishe mgonjwa. Nilisimama kupinga. Gaston akaniambia kwa upole, "Mama, ni weye ulitufungulia macho."

Jumanne walipakia lori. Donatien, aliyekuwa ametulia siku hiyo, alimtazama mkewe chini barabarani. "Na weye, haupande?" Clarisse alitikisa kichwa. Lori lilipoondoka Donatien akauliza tena, na tena, mpaka hatukumsikia. Mtoto mdogo alikuwa anatapika kwa kulia. Nilitamani ardhi inimeze.

Leo nyumba yetu ina wageni. Vitanda viwili kati ya vitatu havikosi mtu, na wake wengine huanza kulala kwenye kiti kabla hatujamvua mgonjwa viatu. Video tumezifuta zote. Mtu akija, kabla ya jina la dawa na habari za ajali, namuuliza, "Nani hapaswi kujua kwamba umekuja hapa?" Karibu kila mmoja ana jibu. Wengine hunijibu kwa kunong'ona, ingawa tumo wawili tu chumbani.

Clarisse anakaa kwa dada yake, mtaa wa Katuba. Nilikwenda kumwomba msamaha baada ya mwezi. Nilimkuta kwenye kiti uani, mikono juu ya mapaja, hana cha kufua wala wa kumlisha. Nilisema yote niliyokuwa nimejipanga kusema. Alisubiri nimalize.

"Ulitaka nipumuzike, Mama Béa," akasema. "Angalia. Niko napumuzika."