Kompyuta Iliyochagua Watu

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha seva niliingia na viatu vya kanisani, kwa sababu nilidhani kazi ya kompyuta ni kazi ya kukaa kitini. Chef wa Informatique, mkuu wetu wa huduma ya kompyuta, alinitazama miguu, akanipa tochi na kunionyesha shimo kwenye sakafu.

"Mama Bertine, ba câble biko chini kule. Ingiyako."

Nikatambaa kuzifuata nyaya, na viatu vile vile. Tangu siku hiyo simwamini mtu akiniambia kwamba kazi fulani ni safi.

Kabla ya hapo nilikuwa mpokea simu katika kiwanda kimoja cha shaba hapa Likasi, upande wa Shituru. Mtu anapiga, nachomeka waya kwenye tundu, wawili wanaongea, wakimaliza nachomoa. Mitambo ile ilipoachwa nilipelekwa Kakontwe, kwenye ofisi ya mizani ya malori ya chokaa, nikala vumbi hadi Chef wa Informatique aliponiita. Alisema anataka mtu anayejua waya. Nilijua waya wa simu, si wa kompyuta, lakini sikuona sababu ya kumsahihisha bosi anayenitoa vumbini.

Ninyi mnaoanza sasa mnabonyeza tu na kusonga mbele, basi ngoja niwaeleze jambo moja polepole. Seva yetu, ile kompyuta kubwa inayotunza faili za wote, ilikuwa na kadi mbili za mtandao, kila moja na waya wake. Tuliziunganisha zikawa timu. Seva huiona timu kama kadi moja: waya mmoja ukikatika mwingine unabeba, na siku za kawaida nyaya zote mbili hugawana mzigo. Juu ya timu hiyo ndipo tulipogawa VLAN. VLAN ni mtandao mdogo ndani ya mtandao mkubwa. Kila ujumbe unabandikwa namba ya kitengo chake, ofisi namba kumi, maabara namba ishirini, zahanati namba thelathini, ili mambo ya wagonjwa yasichanganyike na mambo ya shaba. Usigeuze utaratibu: kwanza unganisha kadi, kisha gawa VLAN juu ya muungano. Ukianza na VLAN kwenye kadi moja, utakapoiunganisha na nyingine kazi yako itapotea, na utalia.

Nyaya hizo mbili zilitoka kwenye seva zikaingia kwenye swichi, kisanduku chenye matundu mengi kinachogawa ujumbe. Nacho lazima kiambiwe, tundu kwa tundu, namba zipi zipite. Seva ilikuwa yetu. Swichi ilikuwa mali ya Chef wa Telecom, mkuu wa mawasiliano, ng'ambo ya ua, na ole wako uguse kisanduku chake.

Zahanati ya kampuni ndiyo iliyoingizwa mtandaoni mwisho. Humo walifanya kazi wauguzi wawili, Mama Monga na Mama Kasongo, meza zao zikitazamana. Sisi watatu tuliimba katika kwaya moja ya parokia tangu tukiwa wasichana. Mwaka ule kijana wa Mama Kasongo alikuwa anamtaka binti wa Mama Monga, na Jumamosi iliyokuwa inakuja ukoo wa kijana ulitazamiwa kwenda kubisha hodi rasmi. Nilifurahi kama vile ni mimi ninayeoza binti.

Niliwawekea kompyuta, nikampa kila mmoja namba ya anwani, ile ambayo seva humjibu nayo mtu. Kompyuta ya Mama Kasongo ikafungua faili za wagonjwa mara moja. Ya Mama Monga ikakataa. Nikabadilisha waya, ikakataa. Nikahamisha kompyuta meza nyingine, ikakataa. Taa zote zilikuwa za kijani, nami nilizitazama taa zile hadi nikazichukia.

"Bertine, hii machine inachagula bantu," akasema Mama Monga.

"Machine haijue muntu, Monga."

"Sasa juu ya nini kwa mwenzangu inafungula?"

Nikaenda kwa Chef wa Informatique. Alinisikiliza akiwa anakunywa chai, akasema, "Mama, machine ao inatembea, ao haitembee. Ya tatu haiko." Nikarudi zahanati, na ya tatu ilikuwa pale pale, imekaa, inanitazama.

Basi nikafanya jaribio ambalo fundi yeyote angelifanya. Nilizibadilisha namba zao: ya Mama Kasongo nikampa Mama Monga, ya Mama Monga nikampa Mama Kasongo. Kompyuta ya Mama Monga ikafunguka. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Na papo hapo ya Mama Kasongo ikajifunga.

Mama Kasongo hakupiga kelele. Aliweka kalamu chini taratibu.

"Asubui ilikuwa inafungula. Kile kilikuwa kwake, sasa kiko kwangu. Monga, umenitupia nini?"

"Minye? Sikuguse hata kintu."

"Njo vile banasemaka. Jumamosi hatukuye kwenu. Siwezi kupeleka mutoto wangu mu nyumba ya bulozi."

Mama Monga akaanza kulia. Nami nilisimama katikati na bisibisi mkononi, sielewi kompyuta, sielewi marafiki zangu. Kitu kimetoka meza hii kimehamia meza ile, nimekiona kwa macho yangu. Niliogopa. Nasema kweli, kwa dakika chache nami nilijiuliza kama hakuna kitu kinachopita humo kisichoandikwa katika vitabu vya Chef.

Siku iliyofuata, Ijumaa, nilimwambia Chef kwamba nataka kuchomoa waya mmoja wa seva.

"Ukitosha câble, kiwanda inasimama."

"Chef, njo maana tuliweka mbili."

Akafikiri, akaniruhusu, akasimama mlangoni ili asiwe shahidi wa karibu. Nikachomoa waya wa pili. Nikapiga simu zahanati: kompyuta zote mbili zilikuwa wazi. Nikaurudisha, nikachomoa wa kwanza. Zahanati nzima ikatoweka, huku ofisi na maabara wakiendelea bila kujua. Hapo giza likaanza kupungua kichwani. Waya wa pili ulibeba kila mtu isipokuwa zahanati. Na seva, inapojibu, huangalia namba ya mtu na kuamua kwa namba hiyo ni waya gani upeleke jibu. Namba moja iliangukia waya wa kwanza, nyingine waya wa pili. Ya pili majibu yake yalifika kwenye swichi yakafia mlangoni.

Nikampigia Chef wa Telecom kuhusu yale matundu mawili ya swichi.

"Chef, zahanati uliifungula kwa porte zote mbili?"

"Mulinisemaka nifungule zahanati. Nilifungula. Hamukusemaka mara mbili."

Kabla hajakata simu alifungua na tundu la pili, na zahanati ikapona.

Nilikimbia zahanati kama mtoto aliyefaulu mtihani. Niliwaeleza yote: timu, VLAN, matundu, namba. Walinisikiliza hadi mwisho.

"Donc, basi, ilikuwa inachagula," akasema Mama Monga.

"Inachagula numéro. Haichagule muntu."

"Na ile numéro mubaya," akauliza Mama Kasongo, "ni nani alimupatia Monga?"

"Ni minye. Lakini sikujua..."

"Kiisha ukaitosha kwake, ukaniletea minye."

"Ilikuwa ya kujaribu."

"Kutujaribu shiye," akasema, na akasimama, akaenda kukaa upande wa mwenzake. Mama Monga akamshika mkono. "Tuligombana bule," akamwambia, yeye, si mimi.

Jumamosi walikwenda, wakapokelewa vizuri. Arusi ilifanyika, kwaya iliimba. Mimi niliwekwa meza ya watu wa kampuni, pamoja na Chef wa Telecom, aliyekula sana na hakuulizwa swali lolote.

Sasa nimestaafu. Vijana wakija nyumbani kuniuliza kuhusu timu na VLAN, nawaambia: lolote unalolifanya kwenye tundu la kwanza, lifanye kwenye la pili, na usiamini taa. Hilo nalijua. Nisilolijua ni namna gani ningewaeleza wale wawili ili wanielewe. Nimeyapanga upya maelezo yangu mara nyingi, kwa maneno mepesi, kwa mifano ya nyumbani, na kila nikifika kwenye namba nakwama, kwa sababu ni kweli niliwapa mimi.

Tukikutana baada ya misa wananisalimu pamoja, kwa heshima kubwa. Zamani waliniita Berti. Sasa wananiita Madame.