Maoni ya Mzee wa Benchi la Mbele

Kwanza niseme wazi: sikuomba kusimama mbele ya kanisa. Nilisukumwa. Na aliyenisukuma ndiye kijana niliyetaka anioe, kwa hivyo lawama zote mpeni yeye.

Mimi nilikuwa fundi wa nguo pale Mashimoni, Kibera. Nilitoka Magharibi na cheti changu cha fomu foo nikidhani kuna ofisi inaningoja Nairobi, na Nairobi ikanipa cherehani ya dada yangu. Sikulalamika sana. Nilishona yunifomu za shule, na kola zangu zilisimama. Kijana wangu alikuwa mtoto wa Kawangware, wa wale wenye ploti zao tangu mababu. Baba yake alikuwa na nyumba za kupangisha, ng'ombe wa maziwa, kofia ya heshima, na neno moja juu yangu: "Msichana wa Kibera si wa kuoa." Hakuwa amewahi kuniona. Kibera yenyewe hakuwa ameikanyaga, ingawa ni mwendo wa mguu tu, unaenda na unarudi kabla ya chakula cha mchana.

Sasa, bila baba hakuna ndoa. Ni yeye anayeongoza wazee kwenda kwa wazazi wa msichana kuposa. Akikataa kufunga safari hiyo, mtabaki kuitana wachumba mpaka meno yang'oke. Kutoroshwa sikutaka, mimi si mbuzi. Basi kila Jumapili nilitembea hadi kanisa lao la mabati, nikakaa nyuma na wapangaji wenzangu huku wenye ploti wakikaa mbele, nikingoja siku mzee atageuka anione. Mgongo wake niliujua kuliko uso.

Jumapili moja akaja mhubiri mgeni, Mzungu mrefu asiyejua Kiswahili hata cha kuomba maji. Mkalimani wetu, mwalimu wa shule, alikuwa ameenda matanga kwao. Pasta akauliza ni nani anajua Kizungu cha kutosha. Makarani wote wakaanza kukagua viatu vyao. Ndipo kijana wangu akatoka kwenye kwaya, akaja mpaka nyuma, akanishika kiwiko.

"Enda," akaninong'oneza. "Mzee akuone."

"Na nikianguka?"

"Si atakuwa amekuona?"

Ukalimani wa kanisani si kazi ya mdomo peke yake. Mhubiri akiinua mkono, nawe unainua. Akipiga meza, unapiga. Kunyamaza ndiyo dhambi yenyewe, maana ukikwama akina mama watakuokoa kwa wimbo, na ukishaimbiwa hivyo, kwisha wewe, hutaitwa tena. Kwa hivyo mkalimani mzuri hutia chumvi kidogo ili mambo yasonge, na hakuna anayemlaumu.

Mwanzo ulikuwa mteremko: salamu, shukrani, hali ya hewa. Kisha Mzungu akafungua somo lake, na kumbe alikuwa mtu wa maneno. Alitaka tuelewe kwamba "opinion" si "belief", kwamba "belief" si "conviction", na kwamba "faith" inakaa mahali pake kabisa. Mayoo! Watu wa Pwani wangekuwa na akiba yao, sijui kusadiki, sijui yakini. Sisi wa Mashimoni tulikuwa na kuamini, basi, na tulikutumia kama sufuria ya mpangaji: chai humo, ugali humo. Kama ningemfuata neno kwa neno ningesema, "Ndugu zangu, kuamini si kuamini, na kuamini huku si kuamini kule." Wangenitoa nje wakinishika mabega.

Nikamwona mama mmoja akisafisha koo, tayari kunianzishia wimbo. Nikatia chumvi.

"Opinion," nikasema, "ni maoni tu. Mama amekaa mlangoni, anaangalia mawingu, anasema itanyesha. Hainuki. Belief ni akiinuka akaanua nguo."

"Ameni!" watu wakaitikia.

"Conviction ni akianua na za jirani, yule waliyekosana."

Kanisa likacheka. Wa nyuma walicheka zaidi, kwani wapangaji huanika nguo kamba moja na hujuana.

"Na faith je?" mama yule wa wimbo akaniuliza kwa sauti, kana kwamba Mzungu hayupo.

"Faith ni kufua siku hiyo hiyo!"

Haiya! Watu walipiga makofi hadi mabati yakalia. Mzungu alifurahi sana, akidhani ni yeye aliyewachekesha, na kwa furaha hiyo akaongeza neno ambalo nafikiri halikuwa kwenye mpango wake: "prejudice". Akaeleza kwamba hili huvaa koti la conviction na kusimama wima vile vile, lakini chini ya koti ni opinion tu, tena iliyokataa kutoka nje ikaone. Alilisema vizuri, Mungu ambariki. Tatizo lilikuwa mimi. Nilikuwa nimelewa kicheko cha watu, na nikilewa hivyo mdomo hutangulia, akili inabaki nyuma ikitafuta viatu.

"Hii sasa," nikasema huku nikipiga meza, "ni mtu anayesema msichana wa Kibera si wa kuoa. Muulize, wewe Kibera umefika? Hajafika!"

Hakucheka mtu. Kumbe maneno yale kanisa zima lilikuwa limeyasikia kutoka kwa mwenyewe, nje pale baada ya ibada, si mara moja. Watu hawakuniangalia mimi. Waliangalia kofia iliyowekwa juu ya magoti kwenye benchi la mbele. Kijana wangu alikuwa amejifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Nilitaka ardhi inimeze, lakini hata ardhi ya pale ilikuwa ya mzee. Halafu akina mama wakaniimbia.

Baada ya ibada nilikuwa nimeshafika mlangoni nikikimbilia kwangu kulia vizuri, nikasikia, "Kairitu!" Ndivyo wanavyomwita msichana kwao. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Huyo Mzungu alitaja Kibera?"

"Hapana, mzee."

"Nilijua. Nimewapikia Wazungu kabla ya Uhuru, na sijawahi kusikia mmoja akijali nani anaoa wapi."

"Nisamehe, mzee."

"Nimekuambia uombe msamaha? Unakaa upande gani huko?"

"Mashimoni."

"Jumamosi nitakuja. Sitaki kuitwa tena lile neno la Mzungu."

Alikuja kweli, viatu vimepigwa rangi, mwanawe nyuma yake akimwonyesha pa kuruka mitaro. Nilimwona akiruka nikaona aibu, kisha nikajikasirikia kwa kuona aibu, maana mitaro ile sikuichimba mimi. Dada yangu alikuwa amedeki mpaka mlangoni pakawa tope. Majirani nao, kila mmoja akakumbuka kwamba hana chumvi, wakaja kuomba kwetu mmoja mmoja ili wamwone mwenye ploti wa Kawangware akinywa chai kando ya cherehani.

Mzee hakuwa na haraka. Alishika kola ya yunifomu, akaikunja, akaiachilia. Akaangalia paa.

"Inavuja?"

"Inavuja, mzee."

"Landlord anasemaje?"

"Anasema atatengeneza."

Akacheka, mara ya kwanza tangu aingie. "Hata mimi huwaambia hivyo."

Alipomaliza chai alisimama, akavaa kofia. Dada yangu akaacha kuosha vikombe.

"Nimefika, na nimeona," mzee akasema. "Maoni yangu hayajabadilika. Mke wa mtoto wangu ningependa atoke karibu, mtu ambaye kwao ninapajua."

"Baba," kijana wangu akaanza.

"Ngoja nimalize. Hayo ni maoni tu." Akanigeukia mimi. "Basi la kwenda kwa baba yako linaondoka saa ngapi asubuhi?"

Nililia pale pale, mbele ya chai na majirani. Kijana wangu, maskini, akadhani sijaelewa, akawa ananishika bega akinieleza kwamba baba amekubali, amekubali. Nilikuwa nimeelewa. Nililia kwa sababu mzee yule angekaa ndani ya basi kutwa nzima kwenda kunipigia magoti kwa baba yangu, na njia yote hiyo angekuwa anaamini kwamba tunakosea.