Mahali pa Mguu wa Mama

Mama yangu alikatwa mguu wa kulia, chini kidogo ya goti, kwa sababu ya sukari. Nasema wa kulia mapema na waziwazi kwa sababu kukosea neno hilo moja kuliniletea aibu ambayo nikiikumbuka hata leo nasikia masikio yakiwaka.

Hospitali ilikuwa Nakuru. Mimi nilitoka Karagita, kule Naivasha, ninakopanga chumba kimoja na kufanya kazi kwenye shamba la maua, nikafika akiwa tayari ameingizwa chumba cha upasuaji. Muuguzi mmoja akanifuata kwenye benchi na karatasi.

"Wewe ndio mtoto wa huyu mama? Sasa hiyo mguu, mtachukua wenyewe ama tuishughulikie?"

Kushughulikia. Katika Kiswahili chetu neno hilo hubeba kila kitu. Fundi akishughulikia redio yako, anaitengeneza. Karani akishughulikia barua yako, anaitia kwenye droo. Polisi wakikushughulikia, utarudi nyumbani ukichechemea. Mimi, kwa uchovu na woga, nilimwona akilini muuguzi akiufunga mguu wa mama kwa kitambaa safi na kuuweka mahali pa baridi penye jina lake, mpaka sisi tujipange. Nikasema, "Shughulikieni tu, sista," nikatia sahihi. Karatasi yenyewe niliisoma yote, kwa hivyo siwezi kusingizia macho.

Mama alizinduka mchana. Hakuomba maji.

"Mguu yangu iko wapi?"

"Iko, mama."

"Iko wapi? Usiniambie iko. Nataka izikwe pale nyumbani kando ya baba yako. Siku ya ufufuo sitaki kuamka nianze kuzunguka Nakuru nikiulizia mguu."

Hakuwa anatania. Mama anaamini kwamba tutafufuka na mwili huu huu, nyama na mifupa, na kwamba kazi ya kila mtu ni kuhakikisha vipande vyake viko pamoja. Meno yake yaliyong'olewa ameyaweka kwenye mkebe wa majani chai, na sisi wote tunajua ule mkebe utaingia naye kaburini. Nilikulia katika nyumba hiyo na sikuwahi kumuuliza Mungu atafanya nini na meno mabovu.

Nikazunguka nyuma ya hospitali kuutafuta mguu. Nilimkuta mwanamume aliyevaa gambuti, akiegemea toroli.

"Ya mathe wa wodi ya wanawake?" akaniuliza. "Hiyo ilienda saa nne, madam." Akaelekeza kidevu kwenye bomba la moshi.

Nilisimama pale nikiangalia lile bomba, na wakati huo halikuwa likitoa chochote. Sikulia. Nilikasirika, na kwa vile hapakuwa na mtu mwingine wa kukasirikia, nilimkasirikia yule mwanamume kwa sababu ya gambuti zake. Kisha nikarudi wodini na kumwambia mama kwamba kesho yake nitaupeleka mguu nyumbani kuuzika kwa mikono yangu. Akanishika kidole gumba, akalala.

Nyumbani ni Rongai, hii yetu ya Nakuru, siyo ile ya Nairobi. Babu alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, na baba akanunua kijiploti huko ili tusiendelee kuzikwa mbali. Baba mwenyewe ndiye wa kwanza kuzikwa hapo, karibu na ua wa nyuma. Nilichimba shimo kando yake, la ukubwa wa kupandia mgomba. Lakini shimo linahitaji kitu. Singeweza kuzika hewa. Niliona afadhali nizike kitu ambacho angalau kimewahi kuujua huo mguu, nikaenda chini ya kitanda chake na kutoa boksi la viatu vya kanisani, vyeusi, vya ngozi, vyenye bizimu. Nikajaribu kukumbuka. Nilipokuwa nimesimama miguuni pa kitanda cha hospitali, bandeji ilikuwa upande wa mkono wangu wa kushoto. Nikachukua cha kushoto, nikakifunga kwa leso, nikaomba kwa kifupi sana, nikafukia.

Mama aliporudi baada ya wiki mbili alienda moja kwa moja kwenye kile kilima kidogo, na magongo yake yakizama kwenye udongo mbichi. Alisimama akaomba kwa muda mrefu. Aliushukuru mguu kwa kumtembeza miaka yote hiyo, akauambia usiwe na haraka, upumzike. Halafu akanigeukia.

"Umejaribu, mtoto wangu. Kwa kweli umejaribu."

Sijawahi kusifiwa nikaumia hivyo.

Jumapili ya kwanza akaniambia nimtolee kiatu cha kushoto. Nikafungua boksi. Ndani kulikuwa na kiatu kimoja, nacho kilikuwa cha kulia. Nilikigeuza, nikakigeuza tena, kana kwamba kingebadilisha upande kwa kuona huruma. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mtu aliyelala akinitazama, kulia kwake ni kushoto kwangu.

"Hakiko, mama. Labda panya."

"Panya amebeba kiatu mzima, na bizimu yake?"

Alienda kanisani na ndara. Mwanamke ambaye maisha yake yote alipiga viatu rangi Jumamosi alikaa kiti cha mbele na ndara ya bluu, na mimi kando yake nikiimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Nilimnunulia vingine, akakataa. Alisema mguu umezoea vile, na cha kushoto kitapatikana tu.

Kuanzia hapo sikujua tena ninachoamini. Kila mwisho wa mwezi nilipanda gari kwenda kumwona, na tukipita Kikopey, moshi wa nyama choma ukiingia dirishani na abiria wakisema wana njaa, mimi nilifunga dirisha. Nilijiuliza moshi wa ule mguu ulielekea wapi. Kama ulipanda juu, je, umetangulia? Na kama Mungu anaweza kuumba mtu kwa udongo, kwa nini ashindwe na majivu ya mguu mmoja? Kisha nikifika nyumbani na kumwona mama amekaa karibu na kile kilima akichambua mboga, akiongea nacho, nilisahau hoja zote.

Pasta alikuja siku moja kunywa chai, na mama akamweka kitako.

"Pasta, siku hiyo, mwili ni huu ama ni mwingine?"

Pasta akasema ni huu na ni mwingine. Akaeleza kwamba mwili hupandwa kama mbegu, na kinachoota hakifanani na mbegu. Mama akatikisa kichwa, hakuridhika. Mimi nikadakia, na sikupaswa kudakia.

"Kwetu kwa maua hatupandi mbegu, pasta. Rosi tunakata kipande kwa ile ya zamani, tunaunganisha kwa shina lingine, kinakuwa rosi mzima."

"Ile ya zamani inakufa?" pasta akauliza.

"Haifi. Inaendelea tu."

Pasta akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Alisema hapo hajui, lakini Bwana Yesu alipofufuka alikula samaki, na pia aliingia chumbani mlango ukiwa umefungwa. Ndiyo maana akasema ni huu na ni mwingine.

"Na makovu?" mama akauliza. "Si alikuwa nayo bado? Si yule mwanafunzi aliambiwa aguse?"

"Alikuwa nayo."

"Sasa kama yeye mwenyewe alibaki na makovu, mimi nitabaki na kigutu?"

Pasta aliangalia kile kigutu, akaangalia saa, akasema atalifanyia maombi. Namheshimu kwa hilo. Angeweza kubuni jibu. Nami, kwa vile nilikuwa na sababu zangu, nikauliza kama kwa mzaha kuhusu watu waliochomeka moto, itakuwaje kwao. Pasta akasema Mungu analijua kila jivu.

"Analijua," mama akasema, akiniangalia mimi, "lakini kwa nini umpatie kazi?"

Siku nyingine mama alinionyesha mpango wake wote wa makaburi kwa ncha ya gongo. Baba hapa. Yeye hapa. Mguu hapa, upande wake wa kulia, ili akiamka aunyooshee mkono tu. Nikamuuliza, na mimi? Nilikusudia kuchekesha. Nilikuwa nimeachana na mume wangu miaka mingi, na baba mdogo, ndugu yake baba, alishaniambia wazi kwamba msichana aliyerudi hazikwi ndani ya boma. Atawekwa nje ya ua, karibu na njia, kama mgeni aliyezidiwa safarini. Mama akaegemea magongo yake. Alisema jua limekuwa kali, turudi ndani.

Mvua ya mwaka uliofuata ilikuwa kubwa. Kule Naivasha ziwa liliingia kwenye nyumba za watu wa Kihoto. Huku Rongai mvua ilisomba tu udongo wa kile kilima, lakini mama alikosa raha kabisa. Akanipigia simu.

"Baba yako mdogo anakuja Jumamosi. Ametengenezea mguu kisanduku cha mbao. Atafukua, auweke vizuri, halafu apige simiti juu. Wewe uliufunga kwa leso tu, kama mtu hana ndugu. Lakini sikulaumu, ulikuwa peke yako."

Nilikuwa kwenye shamba la maua, na kisu cha kazi mkononi, na nilijikata. Siku tatu zilizofuata nilitunga uongo wa kila aina. Fisi walifukua. Maji yalibeba. Hata niliwaza kwenda kwa mchinjaji kuulizia mfupa wa ng'ombe, nikajidharau sana. Kilichonishinda si kuogopa kukamatwa. Ni kwamba mama alikuwa amepanga kuamka, anyooshe mkono wa kulia, na asipate kitu. Na mimi, ambaye sikuwa na hakika kama kuna siku kama hiyo, nililia kwa ajili ya yale yatakayompata siku hiyo.

Jumamosi nilifika mapema kumtangulia baba mdogo. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, magongo mapajani. Nikapiga magoti. Nikamweleza yote, muuguzi, karatasi, bomba la moshi. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliweka chini chai aliyokuwa ameshika, nayo ilikuwa imetengeneza utando juu.

"Ulisaini wewe?"

"Mimi, mama."

"Ulisoma?"

"Nilisoma."

"Sasa nimekuwa nikiombea nini hapo?"

Hilo lilikuwa gumu kuliko yote niliyokwisha kusema. "Kiatu."

Akanituma nilete jembe. Nilichimba taratibu, na haikuwa kazi, udongo ulikuwa laini. Leso ilikuwa imeoza, ikatoka vipande vipande. Kiatu kilitoka kizima, kimekakamaa, kimejaa matope na mizizi myembamba. Mama akakipokea, akakigongagonga kwenye mguu wa kiti, akakigeuza chini juu.

"Hii ni ya kushoto."

"Ndiyo, mama."

"Mguu yangu ya kushoto ni hii hapa." Akauinua, na ndara yake. "Mwaka mzima naenda kwa nyumba ya Mungu na ndara. Hata kushoto na kulia ilikushinda?"

Nikafikiri analia, kumbe anacheka, halafu nikaona ni vyote viwili. Alicheka mpaka akakohoa, kisha uso wake ukawa mzee mbele yangu. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba sasa hajui. Kama mguu umekuwa moshi, hajui ataamka vipi. Nilitaka kumwambia habari za majivu na udongo, na rosi, na samaki, lakini hakuna hata moja niliyoiamini vya kutosha kuitamka. Nikabaki nimemshika goti, lile la juu ya kigutu.

Baba mdogo akatokea kwenye geti, amevaa koti, kisanduku kwapani. Kilikuwa kimepigwa msasa vizuri, na kifuniko chenye bawaba. Akaona shimo, akaona kiatu.

"Mguu uko wapi?"

"Ilichomwa hospitali," mama akasema. "Ilienda."

Baba mdogo akavua kofia, asijue kama anapaswa kutoa pole. Akauliza basi hilo shimo lifukiwe ama libaki. Mama akainua gongo, akaninyooshea mimi niliyekuwa bado nimepiga magoti kwenye matope.

"Hapo ataingia huyu. Siku yake ikifika, mumlete hapa, upande wangu wa kulia."

"Shemeji, unajua vizuri. Msichana hazikwi hapa ndani."

"Huyu si msichana," mama akasema. "Huyu ndiye mguu yangu. Nikiamka nikose ile nyingine, nitashikilia huyu, na atanitembeza. Si ndiye alisaini?"

Mimi nilianza kurudisha udongo shimoni kwa mikono, na sikujua kama nimesamehewa au nimehukumiwa. Mpaka leo sijajua, na sijathubutu kumuuliza.

"Na hiki kisanduku?" baba mdogo akauliza.

Mama akamwambia akipeleke ndani, kitatosha viatu.